Wewe ni mashoto na unaanza ngumi: mguu upi utangulie?

Kamba Nne (mleta uzi):

Wakuu, kila mara mtu wa mkono wa kushoto anapoingia mazoezini kwa mara ya kwanza, swali la mkao linamalizwa kwa sekunde tano. Kocha anauliza, "Unaandika kwa mkono gani?" Akijibiwa kushoto, anasema basi, mguu wa kulia mbele. Au mtu anaangukia mikononi mwa kocha wa aina ya pili, ambaye hataki kusikia habari za mashoto, anamgeuza asimame kama wenzake kwa sababu ndivyo anavyojua kufundisha. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, lakini hakuna aliyemtazama mtu mwenyewe akitembea, akirusha kitu au akisukuma. Ninafundisha wanaoanza, na jambo hili linaniuma. Mkao ni somo la kwanza kabisa, na mwili ukishaushika, kuuvua ni kazi kubwa kuliko kufundisha ngumi yoyote mpya.

Kwa wageni wa mchezo: ukisimama kikawaida, mguu na mkono wa kushoto vinatangulia, wa kulia unakaa nyuma karibu na kidevu. Ukisimama kimashoto ni kinyume chake. Mkono wa mbele unapiga jebu (ngumi nyoofu ya haraka ya mkono huo), unapima umbali, unasumbua, unazuia. Wa nyuma unasubiri, na ukitoka unatoka na mwili mzima: kisigino cha nyuma kinageuka, nyonga inazunguka, bega linafuata, ngumi inafika mwisho. Kwa hiyo kabla hujachagua mguu wa kutangulia, amua kwanza mkono wako bora utaupa kazi gani kati ya hizo mbili. Hapo ndipo wengi wanaporuka.

Walio wengi wanaupeleka nyuma, na wana sababu. Ngumi nyoofu ya nyuma ina safari ndefu na uzito mkubwa, inastahili mkono wenye nguvu. Lakini kaa utazame pambano lolote refu uhesabu ngumi zinazorushwa: jebu huwa inaziacha nyingine mbali. Mkono wa mbele ndio unaofanya kazi kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu mwenye jebu inayouma, na ngumi ya kuzungusha inayotoka karibu na uso wa mpinzani bila kumpa muda wa kuiona, ana silaha ambayo mabondia wengi hawanayo. Mashoto anayesimama kikawaida anaipata bila kuitafuta.

Henry Cooper wa Uingereza alikuwa mashoto na akasimama kikawaida. Tarehe 18 Juni 1963, Wembley, mkono wake wa kushoto ulimwangusha Cassius Clay mwishoni mwa raundi ya 4, kabla hajaitwa Muhammad Ali. Kengele ilimwokoa Clay, na raundi iliyofuata pambano likasimamishwa kwa sababu ya majeraha ya Cooper usoni, lakini ngumi ile inatajwa hadi leo. Oscar De La Hoya, dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona 1992 na bingwa wa dunia katika uzito sita tofauti, naye ni mashoto aliyesimama kikawaida. Waliopigana naye walikuwa na hofu na mkono wa mbele zaidi ya ule wa nyuma. Miguel Cotto vivyo hivyo: ngumi zake za kushoto za mwilini zilitoka kwenye mkono wake wa asili. Andre Ward aliyestaafu mwaka 2017 bila kupoteza hata moja kati ya mapambano 32 ni mashoto pia. Mtazameni akipigana karibu kifua kwa kifua, muone mkono ule wa mbele ulivyokuwa unajua kushika, kusukuma na kupiga kwa zamu.

Halafu wapo waliokwenda upande wa pili. Marvin Hagler, mtawala wa uzito wa kati kuanzia mwaka 1980, alikuwa mtu wa mkono wa kulia lakini mguu wake wa kulia ndio uliotangulia. Vasyl Lomachenko, dhahabu ya Olimpiki mara mbili, 2008 na 2012, ni wa mkono wa kulia na baba yake ndiye aliyemlea kimashoto. Terence Crawford ni wa kulia pia, na mapambano yake makubwa amepigana sana akiwa kimashoto. Hawa wote waliweka mkono wao wenye akili mbele. Wanaopigana kwa upanga wa michezo wanafanya hivyo siku zote: mkono unaojua ndio unaotangulia.

Sasa tuje kwenye pembe zenyewe, maana humu ndimo maneno mengi ya vijiweni yanapopotea. Watu wawili wa mkao mmoja wakikabiliana, jebu ya kila mmoja ina njia safi katikati, na ngumi ya kuzungusha ya mkono wa mbele inapinda na kuingia upande ulio wazi wa mwenzake. Mashoto aliyesimama kimashoto akikabiliana na wa kawaida, miguu ya mbele inatazamana kidole kwa kidole, mikono ya mbele inagongana, jebu zinapoteza nusu ya thamani. Ngumi ya kuzungusha ya mkono wa mbele nayo inakutana na bega la mpinzani. Kinachofunguka ni njia ya ngumi nyoofu ya nyuma. Na inafunguka kwa wote wawili. Njia ile ile ambayo kushoto kwa mashoto kunapita kwenda kidevuni, kulia kwa mwenzake kunapita kurudi.

Kitu kimoja tu kinavunja usawa huo: ini. Liko upande wa kulia wa mwili kwa kila mtu. Mbele ya mashoto, mtu wa mkao wa kawaida ameacha upande wake wa kulia wazi, na mkono unaoelekea huko ni ule mzito wa nyuma. Yeye akitaka ini la mashoto lazima alitafute kwa mkono wa mbele, kwa kuzungusha, akipita kiwiko kilichotangulia. Hii ni faida halisi ya mwili, wala si hadithi.

Faida iliyobaki inatokana na mazoea. Mashoto ni takriban mtu mmoja kati ya kumi. Yeye anakutana na wa kawaida kila siku ya mazoezi. Wao wanakutana naye kwa nadra, macho yao hayajazoea ngumi zinakotoka. Hata Ali alipambana nalo hilo. Septemba 1966, mjini Frankfurt, Karl Mildenberger, mashoto wa kwanza kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, alimpa kazi ngumu hadi raundi ya 12 ndipo mwamuzi akasimamisha. Na uzito huo ulisubiri hadi Aprili 1994 kupata bingwa wake wa kwanza anayesimama kimashoto, Michael Moorer, aliyemshinda Evander Holyfield. Mashoto anayegeuzwa asimame kikawaida anapata mkono wa mbele wa ajabu, lakini ule ugeni wake mbele ya wapinzani anauacha. Hiyo ndiyo bei, na mtu aambiwe kabla ya kuilipa.

Vipimo ninavyovitumia mimi. Kalamu siiamini sana, kwa sababu wapo waliolazimishwa utotoni kuandika kwa kulia na wapo wanaoandika kushoto lakini kila kitu cha nguvu wanakifanya kwa kulia. Ninampa mtu mpira mdogo nimwambie aurushe mbali kwa nguvu zake zote, mara kadhaa, bila kumweleza ninatafuta nini. Kurusha na kupiga ngumi nyoofu ya nyuma ni ndugu: mguu wa nyuma unasukuma, nyonga inatangulia, mkono unafuata. Anayerusha kwa kushoto huku mguu wa kulia ukienda mbele, mwili wake umeshasimama kimashoto kabla sijasema neno. Kisha ninamwomba asukume begi zito kwa mikono yote miwili nione mguu gani anaurudisha nyuma. Mwisho, na hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote, ninamfanya arudi nyuma haraka akiwa kwenye mkao mmoja, halafu mwingine. Kwenda mbele kila mtu anaweza. Mkao usio wako utauona miguu inapokutana, visigino vinapotua chini na kichwa kinapoinuka.

Msimamo wangu: anayerusha kwa kushoto na kurudi nyuma vizuri mguu wa kulia ukiwa mbele, asimame kimashoto, na kocha asiyejua kumfundisha ajifunze. Anayeandika kwa kushoto lakini anarusha kwa kulia, asimame kikawaida afurahie mkono wake wa mbele. Wa katikati wapewe wiki chache za kujaribu kote kuwili kabla ya pedi na kabla ya kupigana mazoezi. Baada ya hapo, mkao mmoja tu hadi misingi ikae.

Karibuni tujadili.

Mzazi wa Bondia:

Asante mkuu kwa uzi. Binti yangu ana miaka 11, ni mashoto wa kila kitu: anaandika, anakula, anarusha, anapiga mpira kwa kushoto. Kocha wake amemgeuza kikawaida na anasema akikua atashukuru. Mtoto mwenyewe analalamika kuwa mkono wa kulia "haumsikii". Nimwache kocha afanye kazi yake au niongee?

Kamba Nne:

Mzazi, ongea naye, lakini kwa heshima na kwa kuuliza. Muulize anamgeuza kwa sababu gani. Kocha akikwambia, "Nimemwona ana mkono wa mbele mzuri sana, nataka ajenge mchezo wa jebu na ngumi za kuzungusha," huyo amefikiri, mpe muda. Akikwambia, "Mashoto wanasumbua kufundisha," au "Hapa wote tunasimama hivi," basi mtoto anageuzwa kwa ajili ya urahisi wa mtu mwingine.

Zamani kulikuwa na sababu ya tatu: mashoto walikosa mapambano kwa kuwa wenzao waliwakwepa, kocha akaona bora amgeuze kijana apate kazi. Kwa mtoto wa miaka 11 anayejifunza, hilo halina nafasi.

Kuhusu mkono kutomsikia: kila anayeanza mkono wa nyuma unamsumbua, hata wa kulia halisi. Usilitumie hilo peke yake kama ushahidi. Mtazame miguu. Kama anarudi nyuma bila kujikwaa na bado anafurahi kwenda mazoezini, hakuna dharura. Akianza kuchukia mazoezi, hapo mkao umeshakuwa tatizo kubwa kuliko ufundi.

Pumzi Ndefu:

Mleta uzi umeandika vizuri ila nakupinga sehemu moja. Kwa nini tuseme "achague"? Sayansi imeshaamua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa rekodi za wapiganaji zaidi ya 13,800, wa ngumi na wa mapigano mchanganyiko, wakakuta mashoto ni wengi ulingoni kuliko walivyo mitaani, na wanashinda zaidi. Mtu ana zawadi hiyo halafu unamwambia asimame kikawaida? Mimi ningesema hata wa mkono wa kulia wafundishwe kimashoto.

Kamba Nne:

Mkuu Pumzi Ndefu, utafiti huo naukubali, na ni vizuri umeuleta. Ila angalia walichopima. Rekodi za ngumi haziandiki mtu anashika kijiko kwa mkono gani. Zinaandika mkao wake. Watafiti waliuchukua mkao uwe kielelezo cha mkono. Kwa hesabu hiyo Hagler anaingia kwenye kapu la mashoto, Lomachenko anaingia, na De La Hoya, Cotto, Ward na Cooper wanatolewa. Kilichoonekana kushinda zaidi ni mkao wa kimashoto, na hilo linaafikiana na nilichosema kuhusu mazoea.

Kuhusu kuwageuza wa kulia wote: faida yenyewe inaishi kwa sababu mashoto ni wachache. Wakijaa, kila bondia atakuwa na mwenzake wa kufanyia mazoezi na macho yatazoea. Na kijana wa kulia aliyegeuzwa atahitaji muda mrefu kujenga ngumi ya nyuma ya kushoto inayoheshimika. Bila hiyo, mpinzani akigundua kwamba nyuma hakuna kitu, anamwingilia jebu yake bila woga. Lomachenko aliweza kwa sababu alianza mtoto, mikononi mwa baba yake, miaka na miaka. Anayeanza ngumi akiwa na miaka 25 hana muda huo.

Dada wa Ulingoni:

Naomba niseme kama mtu ninayeishi jambo hili. Mimi ni mashoto ninayesimama kikawaida, na kwa hiari yangu.

Jebu yangu watu wanailalamikia tangu siku za mwanzo. Wanasema wanadhani ni ngumi ya nyuma. Naweza kuirusha mara tatu mfululizo kila moja kwa kasi tofauti, naweza kuisimamisha katikati nikaigeuza kuwa ya kuzungusha, bila kufikiri. Mkono mwingine ungehitaji kufundishwa hayo yote. Kwenye kuzuia pia: ngumi ya kulia ya mpinzani inapokuja, mkono wangu wa kushoto unaipokea wenyewe.

Taabu ilikuwa ngumi ya kulia. Ilikuwa inatoka kama ninamsukuma mtu, kiwiko kikiwa nje, nyonga ikibaki nyuma. Kilichonisaidia ni kuacha kuirusha kwa nguvu kabisa kwa kipindi kirefu. Nilikuwa naipeleka polepole kwenye begi, nikihakikisha kisigino kimegeuka kabla ngumi haijagusa. Halafu mazoezi ya kurusha mpira mzito ukutani kwa upande wa kulia. Sasa inatosha kumfanya mpinzani aiogope, na hicho ndicho ninachokihitaji, kwa sababu akiiogopa anasogea kuelekea kushoto kwangu.

Kwa hiyo mashoto mnaotaka njia yangu, jueni kwamba kazi yote ya ziada iko kwenye mkono wa nyuma. Ukiuacha ulale, unakuwa bondia wa mkono mmoja.

Kamba Nne:

Dada, hapo kwenye bondia wa mkono mmoja umegusa jambo linalowahusu hata mashoto waliosimama kimashoto. Manny Pacquiao alipopigana na Erik Morales mara ya kwanza, Machi 2005, alitegemea sana kushoto, na Morales akashinda kwa pointi. Kocha wake Freddie Roach akamfanyia kazi mkono wa kulia, ule wa mbele. Januari 2006 wakarudiana, ngumi zikawa zinatoka pande zote, na Morales akasimamishwa raundi ya 10. Mashoto wengi chipukizi wanaharibiwa na mafanikio ya mapema: kushoto kunaangusha watu mazoezini, hawajifunzi jebu. Wakipanda ngazi wanakutana na mtu anayejua kuukimbia mkono mmoja.

Ngumi Nyoofu:

Mimi nasimama kikawaida na kuna mashoto kambini kwetu ananitesa. Kila nikipiga jebu inagonga glovu yake, kila nikisogea nakanyaga mguu wake, halafu nakula kushoto. Niambieni la kufanya.

Kengele ya Pili:

Mguu kwanza, mkuu. Mguu wako wa kushoto ukae nje ya mguu wake wa kulia. Ukiwa nje, kulia kwako kunatazama kidevu chake moja kwa moja na kushoto kwake kunalazimika kuvuka mwili kukutafuta. Zunguka kuelekea kushoto kwako, mbali na ngumi yake nzito. Ukizunguka kulia unajipeleka mwenyewe.

La pili, acha kupiga jebu kama mbele yako yupo wa kawaida. Itumie kugusa na kushusha mkono wake wa mbele, kisha kulia nyoofu mara moja, bila kuizungusha. Mara nyingine anza na kulia kabisa bila jebu. George Foreman alipomvua Moorer ubingwa, Novemba 1994, alikuwa na miaka 45 na nyuma kwa pointi kwenye kadi za majaji wote. Raundi ya 10 jebu ikatangulia, kulia ikafuata katikati, fupi na nyoofu. Juan Manuel Márquez naye alimmaliza Pacquiao kwa kulia raundi ya 6, Desemba 2012, Pacquiao akiwa anaingia mwenyewe.

La tatu ni usalama. Vichwa vinagongana sana kwenye pambano la namna hii kwa sababu vyote viwili vinaelekea upande mmoja wakati mmoja. Kila ukimaliza kupiga, toka kwa pembeni, usibaki umeinama katikati. Mazoezini mvae kofia zenu.

Kamba Nne:

Kengele ya Pili kamaliza. Niongeze tu kwamba mguu wa nje si amri ya dini. Mashoto wako naye anafundishwa kuutafuta huo huo, kwa hiyo mkiung'ang'ania wote mtazunguka tu. Mara nyingine mwachie nje, wewe baki ndani huku mkono wako wa kulia ukiwa umeinuka kukinga kidevu, umpige ngumi ya kuzungusha ya kushoto ya ini anapojipanga kurusha. Fanya kwa nadra, maana ndani ndiko kushoto kwake kunakofika haraka.

Mwendo Kasi:

Vipi kuhusu kubadilisha mkao katikati ya pambano kama Crawford? Nimeanza kujifunza mwaka huu, kocha amenikataza na mimi naona ananirudisha nyuma.

Kamba Nne:

Ndugu yangu, kocha wako anakutendea mema. Anayeanza akibadilisha mkao, kwa kawaida anabadilisha wakati amechoka au amebanwa, na ule muda wa miguu kupishana ndio muda ambao hana mguu wa kusimamia. Akipigwa hapo anaanguka hata kwa ngumi nyepesi.

Mtazame Crawford anafanya nini. Alipopigana na Yuriorkis Gamboa, Juni 2014, alianza kikawaida na akawa anapoteza raundi za mwanzo kwa kasi ya mwenzake. Akageuka kimashoto, akabaki huko, akamwangusha mara kadhaa hadi pambano likasimamishwa raundi ya 9. Aligeuka kwa sababu alikuwa amesoma tatizo, na mkao wa pili ulikuwa nyumba kamili kwake: jebu, ulinzi, kurudi nyuma, vyote vilikuwemo. Julai 2023 dhidi ya Errol Spence, ambaye ni mashoto, alisimama kimashoto na jebu yake ya kulia, mkono wake wa asili, ikamvunja Spence hadi raundi ya 9.

Na hata bingwa anaweza kuumizwa na uamuzi huo. Hagler alipokutana na Sugar Ray Leonard, Aprili 1987, alianza raundi za mwanzo kikawaida badala ya kimashoto. Raundi zile Leonard alizichukua kwa raha. Hagler alirudi kwenye mkao wake, lakini mwisho wa raundi 12 majaji wawili kati ya watatu walimpa Leonard, na Hagler hakupanda tena ulingoni. Kila nikilitazama pambano lile moyo unaniuma kwa zile raundi za mwanzo.

Ukitaka kujiandaa kwa siku zijazo, fanya raundi moja ya kupigana na kivuli kwenye mkao wa pili mwisho wa mazoezi, polepole, miguu tu na jebu. Inasaidia usawa wa mwili na inakufundisha jinsi mpinzani wa mkao huo anavyoona mambo. Mbele ya mtu anayekurushia ngumi, baki ulipo.

Pumzi Ndefu:

Nimekuelewa kuhusu utafiti, mkuu, nakubali hoja ya mkao na mkono. Swali la mwisho kutoka kwangu: mashoto akikutana na mashoto mwenzake inakuwaje? Kambini kwetu wapo wawili na wakipigana mazoezi wote wanaonekana wageni.

Kamba Nne:

Ni wageni kweli, mkuu. Wote wamelelewa mbele ya watu wa kawaida. Ghafla njia ya ngumi ya nyuma waliyoizoea imezibwa na bega, jebu ambayo hawakuwahi kuijenga ndiyo inayohitajika, na upande wa ini ambao huwa wanauwinda kwa kushoto umefichwa nyuma ya kiwiko cha mbele. Mwenye jebu ya kulia iliyokamilika ndiye anayetawala, na hapo ndipo mtu wa mkono wa kulia anayesimama kimashoto, kama Crawford mbele ya Spence, anapowazidi mashoto halisi.

Ngumi ya nyuma bado inafanya kazi, ila inahitaji maandalizi. Sergio Martínez na Paul Williams wote walisimama kimashoto. Novemba 2010, raundi ya 2, walirusha kushoto kwa wakati mmoja na ya Martínez ikapita juu ya bega na kufika kwanza. Williams alilala kabla hajagusa turubai.

Hao wawili wa kambini kwenu wapewe raundi za jebu tupu, mkono wa nyuma ukae kidevuni usitoke kabisa. Kisha raundi za jebu na ngumi ya kuzungusha ya kulia, kichwani na mwilini. Kushoto kurudishwe mwishoni, baada ya mikono ya mbele kuanza kufika bila kutafutwa.